Mfungo Wangu wa Maharage

Upuuzi wenyewe niutaje mapema: Kwaresima ile nilisimama mbele ya jumuiya yetu hapa Kasulu nikatangaza kwamba sitagusa maharage mpaka Pasaka.

Kila mtu alikuwa akitaja anachomtolea Mungu. Wazee waliacha pombe. Mmoja aliacha kumfokea mkewe, mkewe akaguna. Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Nyumbani ni ugali wa muhogo na maharage tangu nizaliwe. Nikiyasusa kwa jina la Yesu, mama atafanyaje? Si atanitafutia dagaa?

Wakapiga makofi. Mwenyekiti akanipendekeza papo hapo niwe kati ya watu kumi na wawili watakaooshwa miguu na padri Alhamisi Kuu. Mama akafuta machozi kwa khanga. Jioni akaniwekea ugali na chumvi.

"Mama, na mboga?"

"Si umefunga, baba? Mungu akutie nguvu."

Fungu langu la maharage ya mawese akalipakua kwenye bakuli, nilipeleke kwa bibi mmoja aliyekimbia vita Burundi, anahifadhiwa kwenye kibanda nyuma ya kanisa. Na ikawa hivyo kila jioni. Yaani nibebe mwenyewe, mawese yananukia njia nzima! Kule jangwani Shetani alitumia mawe na mikate tu, mawese hakuyajua.

Bibi alifunua bakuli, akanisogezea kigoda. "Karibu turye, mwana wanje."

Sasa, kwetu mtoto akikataa chakula cha mzee ni kama amemtukana. Nikala kwa heshima. Kesho yake nikawa na heshima zaidi. Kufikia katikati ya Kwaresima nilikuwa nanenepa, na wanajumuiya wakasema ndiyo neema hiyo. Injili inataka tumlishe mwenye njaa. Nilimlisha kweli, ila alikuwa mimi.

Juma Kuu sala ya jumuiya ikawa nyumbani kwetu, na bibi akaja. Mama alikuwa ameshaanza kunisugua visigino kwa jiwe, kwa ajili ya padri. Bibi akainuka kushukuru. Hapo ndipo niliposali kwa moyo wote, mara ya kwanza Kwaresima nzima: Bwana, mzibe mdomo.

"Namshukuru huyu mama kwa maharage," akasema, "na zaidi kwa huyu mwana. Tangu anaanza kuja sijala peke yangu. Na anarya vizuri!"

Mwenyekiti akavua miwani. "Kijana, maharage yale yale?"

"Nilikuwa namsindikiza tu, mzee."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama hakucheka. Nikajua Alhamisi Kuu nitakaa benchi la nyuma na vumbi langu.

Watu walipotoka akaniita jikoni. Nikaenda nimefunika sikio kabisa, nikijua litavutwa. Akanyoosha mkono, kumbe anachukua lile jiwe.

"Siku ya pili tu ulirudi na mawese kidevuni, nikaanza kupakua ya watu wawili. Lete huo mguu, kisigino kimoja bado hakijatakata."