Chura Asoma Daftari la Punda

Thomasine Hodder aliletwa Ujerumani kwa kosa la kuolewa. Mumewe Bert alizaliwa Southampton, na mwaka 1942 Wajerumani walioikalia Guernsey, kisiwa kidogo karibu na pwani ya Ufaransa, waliamua kwamba wazaliwa wa Uingereza wahamishwe pamoja na familia zao. Bert mwenyewe hakuwa tishio kwa jeshi lolote. Miaka thelathini alikuwa akilima nyanya kwenye mabanda ya vioo, na hata konokono aliwaomba radhi kabla ya kuwakanyaga. Basi wakapakiwa melini, wakafikishwa kwenye kambi moja kusini mwa Ujerumani, wanaume bweni lao na wanawake lao.

Mama yake Thomasine, Rachel Queripel, mwenye miaka themanini na mmoja, alibaki kisiwani. Bibi huyo hakujua kusoma wala kuandika, wala lugha nyingine yoyote ila kilugha cha kwao, chenye asili ya Kifaransa. Thomasine alijua hatamkuta hai. Kwa hiyo tangu melini alikuwa akiandika maneno ya mama yake kwenye daftari, kwa penseli, jinsi alivyoyasikia, maana shule ilimfundisha Kiingereza tu. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha ukurasa mtupu, humo humo akatia mapishi, nyimbo za kanisani alizozikosea, na masimango ya kila aliyemuudhi bwenini.

Aliyemuudhi zaidi alikuwa Lydie Prout wa kitanda cha juu, mwanamke wa Jersey, kisiwa jirani, naye kaponzwa na mume Mwingereza. Watu wa Jersey huitwa vyura, wa Guernsey huitwa punda, na wawili hawa hawakukumbuka mara ya mwisho walipoitana kwa majina.

Asubuhi moja ya Oktoba, baada ya kuhesabiwa, askari walipekua magodoro wakalikuta daftari. Luteni Brenner, aliyejivunia Kifaransa chake, alilisoma akiwa amekunja uso, kisha akamwita Thomasine ofisini.

"Hiki si Kifaransa," alisema. "Si Kiingereza. Ni maandishi ya siri. Daftari linakwenda jikoni kuchomwa, na wewe utahamishiwa kambi nyingine."

"Ni maneno ya mama yangu, bwana!"

"Nani mwingine anaijua lugha hii?"

Thomasine alitamani kumeza ulimi. Bweni zima, mwingine alikuwa mmoja tu.

Lydie akaja, amevaa soksi mbili mbili kila mguu. Akaamriwa asome kwa sauti, kisha atafsiri. Lugha zao zilikaribiana kiasi cha kutosha kutukanana. Ukurasa wa kwanza uliofunuliwa ulisema kwamba luteni ana masikio kama mishikio ya chungu cha maharage.

Lydie alikohoa. "Mapishi, Bwana Luteni. Chungu cha maharage kiwe na mishikio miwili. Mikubwa."

"Endelea."

"'Usiyakoroge maharage kama unatafuta pete, Thomasine. Yaache yaive, nawe kakae chini.'"

Aliusoma mstari huo kwanza kwa kilugha, na Thomasine akashtuka. Tangu aondoke nyumbani hakuwa ameyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Matamshi yalikuwa ya Jersey, mabovu kupita kiasi, lakini alikuwa mama yake kabisa.

Luteni hakushawishika. "Mapishi yanaweza kuwa na siri. Na hapa? Hili neno, chura, nimeliona mara kumi na nne. Chura ni nani?"

Lydie aliutazama ukurasa. Thomasine aliujua ukurasa ule, akataka kufa. Lydie angeweza kusema chura ni kiungo, au ni paka. Uongo aliuweza. Badala yake alijinyoosha.

"Chura ni mimi, bwana. Imeandikwa hivi: 'Chura anakoroma mpaka madirisha yanatikisika. Miguu yake inanuka kuliko zizi. Leo kaniibia blanketi tena, na akibanwa analia kwa Mungu kama mtakatifu.'"

Askari wa mlangoni alicheka kwanza. Luteni alijaribu kujizuia, akashindwa. "Ni kweli?"

"Kweli tupu. Isipokuwa blanketi."

Daftari likatupwa mezani. Hakuna jasusi anayeandika upuuzi kama huo, alisema luteni, tokeni.

Mlangoni mwa bweni Lydie aligeuka.

"Mara kumi na nne, punda wewe?"

"Nisamehe, Lydie."

"Haa! Kumbe jina langu unalijua."

Thomasine alimkabidhi daftari. "Nisomee ya mama. Yote."

"Kwa matamshi ya chura?"

"Soma tu, mwana kulaaniwa wee."

Lydie akaketi kitandani, akasoma maneno ya Rachel Queripel kurasa kumi na moja, na Thomasine akalia mbele ya bweni zima, akimsahihisha kila mstari.