Mkwe Wangu na Redio

Mazungumzo yangu ya dini redioni niliyaanzia Iringa, kwenye misheni iliyokuwa na mashine ya kurekodi. Nilikuwa natoka Mbeya kwa basi, nafika vumbi mwili mzima, nanawa uso, kisha naketi mbele ya kipaza sauti. Mkanda ulipelekwa Dar es Salaam, na Jumapili jioni sauti yangu ilitufikia nyumbani Iyunga, pale Mbeya, mimi mwenyewe nikiwa kitini nasikiliza. Sikatai, nilivimba kichwa.

Siku ya kwanza mke wa mwanangu alikuwa jikoni. Aliposikia ni mimi, aliacha ugali motoni akakimbilia migombani. Kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake, wala hasemi naye. Tulikaa boma moja tangu aolewe, nami sikuwahi kuisikia sauti yake. Kanisani tuliambiwa tuyaache hayo. Mimi mhubiri nikaitikia amina na kuendelea nayo. Basi nikihubiria Tanganyika nzima, mtu wa nyumbani kwangu yuko mbioni. Iliniudhi sana.

Kisha mtoto wake wa kwanza akafa kwa homa. Matanga hayajaisha, maneno yakaanza: amesikia sauti ya mkwe wake, amevunja mila, ndiyo maana. Dada yangu akataka arudishwe kwao. Mwanangu akachukua jembe akaenda shamba. Niliwafokea wote, lakini yeye mwenyewe, aliyelaumiwa, sikuweza kumwambia neno.

Nilikwenda Iringa na hotuba ya mavuno mfukoni. Sikuitoa. Nilisema, "Mama uliyezika mtoto, hukumuua wewe. Ni homa. Anayekulaumu aje aniulize mimi. Usiondoke, mwanangu, hapo ni kwako." Fundi wa mashine akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza.

Jumapili ile nilimwambia mke wangu aiweke redio jikoni na amshike mkwe wetu asitoke. Nikatoka mimi. Nilisimama migombani na koti langu la kanisani, dada yangu akinitazama kutoka uani kana kwamba nimerukwa na akili. Kipindi kikaisha.

Halafu sauti ya mwanamke nisiyoijua ikaijibu redio kwa lugha yetu: "Ndaga, tata." Asante, baba.

Nililia pale pale. Dada yangu naye alisikia, na habari ya kumrudisha mtu kwao hakuitaja tena.