Kesho Saa Kumi

Mtaa mzima ulijua kwamba Dobi amechoka siku kinyozi alipomwamkia, "Shikamoo, dada," naye akajibu bila kuinua uso, "Kesho saa kumi."

Mwenyewe hakujua. Alikuwa ameinama juu ya meza yake ya kupigia pasi, shati la mtu mkononi, na masikio yake siku hizo yalisikia swali moja tu, hata mtu akikohoa: nguo zangu lini? Kinyozi alisimama mlangoni, akajikuna kidevu, akaenda zake. Kesho yake, saa kumi kamili, akarudi na kiti chake cha plastiki, akakiweka kizingitini, akaketi.

"Umeleta nguo?" Dobi akamwuliza.

"Sikuleta kitu. Nimefuata marahaba yangu. Jana uliniambia itakuwa tayari saa kumi."

Wifi yake Dobi, aliyekuwa akisuka wateja wake chumba cha pili, alicheka mpaka kitana kikamponyoka. Dobi naye alicheka, cheko fupi la mtu ambaye mkono wake mmoja uko kwenye pasi. Lakini marahaba haikutoka. Kabla hajafungua kinywa aliingia mteja na furushi begani, na Dobi akasema lile neno alilolisema kila siku ya Mungu:

"Lete tu."

Neno hilo alilirithi. Chumba kile kilikuwa cha mama yake, dobi vilevile, na mama aliondoka duniani akimwachia vitu vitatu: meza ya mbao iliyobonyea katikati kama mgongo wa punda, hilo "lete tu", na ufundi wa nyuzi. Mama hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila mteja alimpa rangi yake. Nguo ikiingia, kabla haijagusa maji, hupigwa mishono miwili ya uzi ndani ya kola au ndani ya mkanda wa suruali, mahali anapochungulia dobi peke yake. Nesi uzi wake kijani. Muuza nyama mwekundu. Kinyozi njano. Mwalimu mkuu bluu, kwa sababu, mama alisema, mtu mkali apewe rangi ya kumtuliza. Dobi alisoma mpaka akamaliza shule na mwandiko wake ulikuwa mzuri, lakini daftari hakulitaka. "Jina linaandikwa tu," alikuwa akisema. "Uzi unashonwa. Ukimshonea mtu humsahau."

Na kweli hakuwasahau. Aliwasoma watu kwenye kola zao kama wengine wanavyosoma viganja. Alijua nani ameacha sigara na nani anasema ameacha. Alijua nani anabeba mtoto begani na nani anabeba mawazo. Zamani alikuwa akiimba kazini, na pasi ikifuata wimbo, ikipanda na kushuka mikononi mwa mashati.

Halafu dobi wa mtaa wa nyuma akahama, na wateja wake wakaja. Lete tu. Timu ya mpira ikaleta jezi zenye matope. Lete tu. Shule ikaleta mapazia ya madarasa yote. Lete tu, lete tu. Mafurushi yalipanda ukutani mpaka yakaziba dirisha, na Dobi akawa anajua kumekucha kwa kusikia majogoo. Alikula akiwa amesimama. Siku moja alitia sabuni ya unga kwenye chai, akakaa anashangaa povu. Wimbo ulikatika, na hakuna aliyeweza kusema ulikatikia wapi.

Mumewe, fundi bomba, mtu ambaye maneno yake kwa siku unaweza kuyahesabu kwa vidole ukabakiwa na kidole gumba, alimwendea dada yake, yaani yule wifi msusi, akamwambia: "Mwenzangu usingizini ananipiga pasi mgongoni. Nimenyooka, sikatai. Lakini naogopa siku atakayonikunja."

Jumatatu moja Dobi akasogea mlangoni kwa wifi yake.

"Wifi, nina siri."

"Una mimba."

"Acha ujinga. Hospitali wanatafuta mtu wa kufua mashuka. Jumamosi nikishagawa nguo zilizopo, nafunga chumba. Jumatatu nawapelekea jibu."

Wifi aliacha kusuka. Mteja wake, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama, naye akageuza shingo asikie.

"Wewe? Ukafue mashuka?"

"Mashuka hayana kola, wifi. Hayana mwenyewe. Hayakuulizi lini."

"Na hayakupi shikamoo," wifi akasema, akarudia kazi yake kimya. Kukaa kimya kwa wifi huyo lilikuwa jambo la kutisha.

Jumamosi hiyohiyo binti wa seremala alikuwa anaolewa, na nusu ya mtaa ilialikwa. Alhamisi zikaingia nguo arobaini na tatu za harusi. Dobi akaketi na sindano. Tayari ilikuwa na uzi wa bluu, wa mwalimu mkuu. Nguo ya pili ilikuwa ya nesi, na kubadili uzi maana yake ni kukata, kulamba ncha, kukodoa macho, kutafuta tundu. Macho ya Dobi siku hiyo hayakuwa na nguvu ya kutafuta tundu lolote. Akajiambia, hii moja nitaikumbuka. Akashona bluu. Ya tatu nayo nitaikumbuka. Akashona bluu. Akaendelea hivyo, akijiahidi na kushona, mpaka kikapu kikawa kitupu.

Ijumaa, nguo zimekauka na kupigwa pasi, alifungua kola ya kwanza akaona bluu. Ya pili bluu. Akafungua zote. Kwa mujibu wa nyuzi, mwalimu mkuu alikuwa na nguo arobaini na tatu, pamoja na magauni tisa.

Siku nyingine angecheka, kisha angezipanga kwa kuzishika tu. Siku hiyo vidole vyake havikumwambia kitu. Akabahatisha. Akazifunga kwenye magazeti, akazikaza kwa kamba, na Jumamosi asubuhi akawapa watu. Walipokea, wakashukuru, wakaondoka, na kila mmoja akiondoka Dobi alihisi kama mtu aliyerusha jiwe gizani anayesubiri kusikia limeangukia wapi.

Saa tano likaanguka.

Wa kwanza alikuwa muuza nyama, mtu mnene kuliko mlango wake, suruali imemkwama mapajani, anatembea kama bata. "Dobi! Suruali hii umeifua au umeichemsha? Imenywea!"

Nyuma yake mwalimu mkuu, mwembamba kama chaki, ndani ya koti ambalo lingetosha yeye na darasa la kwanza. "Mimi nataka kujua kitu kimoja," akasema kwa sauti ya paredi. "Koti limekua au mimi nimeisha?"

Akaja nesi na shati la kiume mikononi. Wakaja wengine, wakajaa uani. Wa mwisho akaingia kinyozi, amevaa gauni la maua juu ya suruali yake, anapunga mkono kama bibi harusi. "Mimi sina malalamiko," akasema. "Hili limenikaa."

Ua mzima ukalipuka. Dobi peke yake hakucheka. Aligeuza kola ya koti la mwalimu, akageuza mkanda wa suruali ya muuza nyama, akawaonyesha.

"Nimewashonea wote uzi mmoja," akasema. "Kosa ni langu. Na harusi ni saa nane."

Alisubiri wamfokee. Alikuwa na jibu tayari: nafunga, msihangaike, baada ya leo hamtaniona.  Lakini aliketi chini, juu ya beseni lililofunikwa, na neno lililotoka halikuwa lile aliloliandaa.

"Nimechoka."

Miaka ishirini na miwili katika chumba kile, na neno hilo halikuwahi kuvuka mlango.  Watu walimtazama yeye, kisha, kwa mara ya kwanza, wakatazama chumba: mafurushi yaliyoziba dirisha, mapazia ya shule kama mlima, sahani ya jana juu ya dumu.

"Lakini, mama," muuza nyama akasema, ile suruali bado imemkwama, "kila nikikuuliza utaweza, unasema lete tu."

"Ningesema nini?"

"Ungesema hapana! Mimi bucha yangu ina kulabu kumi. Nyama ya kulabu ya kumi ikiisha, nafunga, nakwenda kulala. Watu wananuna, kesho wanarudi. Sijawahi kukata paja langu mwenyewe nimpimie mteja."

"Hilo paja tungekula mwaka mzima," kinyozi akasema.

Hapo Dobi akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipotoka hakuna aliyeweza kujua lipi ni la kicheko na lipi ni la mengine, wala hakuna aliyeuliza. Nesi alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo midomo ikicheza, akatikisa kichwa. "Ungekuwa wodini kwangu ningekulaza leo hii."

Wifi akapiga makofi. "Haya! Wifi, usinyanyuke hapo. Sisi tunaleta, wewe unasema ya nani."

Wakamletea nguo moja moja, akiwa ameketi juu ya beseni kama malkia. Dobi alifumba macho, akapitisha kidole ndani ya kola ya kwanza. Alikuwa ameketi. Hakuna aliyekuwa akimwuliza lini. Na kidole kikaanza kuongea.

"Hili la nesi. Bega la kushoto limechakaa, ndiko anakoning'iniza mkoba."

"Kweli kabisa!"

"Hili la seremala. Nimelifua mara mbili, bado lina harufu ya mbao. Hili la muuza nyama. Kifungo cha tatu nilikishona mimi. Kile cha awali tumbo lilikirusha."

"Siri za mteja hizo!" muuza nyama akapiga kelele, na watu wakashikana mabega kwa kucheka.

"Hii suruali ya mwalimu mkuu. Magoti yamepauka kwa chaki." Kidole kikabaki palepale. "Watoto wadogo anawafundisha akiwa amepiga magoti."

Mwalimu mkuu, ambaye kwa miaka mingi aliwaficha watu jambo hilo, alikohoa, akatazama juu, kwenye bati. Toka hapo hakuna aliyemwogopa kama zamani.

Arobaini na tatu, na hata moja haikukosewa. Nguo zikawa zimejikunja kwa kuvaliwa na kuvuliwa, lakini Dobi alipotaka kuinuka walimzuia. Wakapiga pasi wenyewe. Mwalimu mkuu alijitia mistari miwili kila mguu, kama reli, akakataa kusaidiwa. Saa saba na nusu ua ulikuwa mtupu, wamekwenda harusini wanang'aa, pasi imekosea hapa na pale, na Dobi alikuwa amelala fofofo juu ya mlima wa mapazia ya shule. Matarumbeta ya harusi yalipita mlangoni yakipasua anga. Hakusikia hata moja. Aliamka saa kumi.

Mumewe alikuwa ameketi kando, amemshikia kikombe cha chai. "Haina sabuni," akasema.

Jumatatu Dobi hakwenda hospitali. Alichukua msumari, akaupigilia kwenye mwimo wa mlango, akautundikia nyuzi kumi na tano, kila mmoja rangi yake. Anayeleta furushi hutungua uzi, humpa Dobi, nao ndio unaoshonwa kwenye nguo zake. Msumari ukiwa mtupu, siku imeisha, hata kama jua liko utosini. Wifi yake aliteuliwa mlinzi, kwa sababu wiki ya kwanza alimkamata Dobi mara mbili akiuongeza uzi wa kumi na sita kwa siri.

"Rudisha huo, wifi."

"Ni mmoja tu. Mtu mwenyewe mzee."

"Hata angekuwa mtume. Rudisha."

Alhamisi akaja mtu wa shule na mapazia mengine. Dobi alifungua kinywa, na "lete" ikafika kwenye ncha ya ulimi. Akautazama msumari. Ulikuwa mtupu, unang'aa juani.

"Leo hapana, ndugu yangu. Njoo kesho mapema uwahi uzi."

Alisubiri dunia ipasuke. Yule mtu akasema, "Sawa, mama," akageuza baiskeli. Hapana ile ya kwanza ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Ya pili ilikuwa taulo. Kufikia mwisho wa mwezi hapana yake ilikuwa leso, unaikunja mara nne unaitia mfukoni. Dirisha likafunguka, mwanga ukaingia hadi kwenye meza ya mama, na siku moja wifi, akiwa katikati ya kichwa cha mtu, aliinua kidole watu wanyamaze. Chumba cha pili pasi ilikuwa inapanda na kushuka, na juu yake wimbo.

Ulikuwa bado haujaisha kinyozi alipotokea na kiti chake cha plastiki. Hakuwa na nguo. Akakiweka kizingitini, akatazama saa yake, akasubiri ifike kumi barabara.

"Shikamoo, dada."

Dobi akaisimamisha pasi. Akafuta mikono, akazunguka meza, akamjia mpaka mlangoni, akamtazama usoni kama anavyotazamwa mtu.

"Marahaba, ndugu yangu," akasema. "Marahaba sana. Hujambo wewe? Nyumbani hawajambo?"

Kinyozi alifumba macho, akaionja ile marahaba kwa muda.

"Alaa," akasema. "Hii imenyooka."