Machicha

Nilifanya kosa langu kubwa nikijiona nina akili.

Miaka ya hamsini tulikaa kambi ya wafanyakazi, kwenye shamba la Mzungu karibu na Molo. Mimi nilichuma pareto, mume wangu aliendesha mkokoteni wa maziwa. Kila Jumamosi karani alimpimia posho ya wiki, unga wa mahindi, na kila Jumamosi unga huo ulipitiliza mlango wetu ukaenda kwa mwanamke mpika busaa, pombe ya unga, ng'ambo ya kijito. Mume wangu alirudi na gunia tupu begani, akiimba. Nikamwendea karani nikamwomba anipimie mimi.

"Mama, hapa posho ni ya mwanaume," akasema. "Enda uombe bwana yako."

Kumwomba yule! Heri ningeliomba jiwe.

Basi nikawaza, akinywea nyumbani, unga hautatoka nyumbani. Busaa nilijua kuipika. Mama yangu alinifundisha ile ya harusi. Nikamwahidi mume wangu kumpikia mwenyewe, akaniachia gunia. Nikakaanga unga uliochachuka, nikatia kimea cha wimbi, nikafunika mtungi. Jumamosi iliyofuata mume wangu alikaa nyumbani, akanisifu mbele ya mtoto, nami mjinga nikafurahi. Wiki ya tatu alileta wenzake wanne. Hawakuwa watu wabaya. Walichoka na baridi, na kuitwa boi kutwa na watu waliowazidi kwa rangi tu. Lakini walikunywa unga wetu wote.

Kilichobaki kwenye chujio ni machicha. Wengine huwapa kuku. Sisi hatukuwa na kuku, tulikuwa na binti mmoja mwenye njaa. Nikampa machicha kwenye bakuli, na chumvi kidogo. Akashiba, akacheka peke yake, akalala. Nilimshukuru Mungu. Nasema kweli, nilimshukuru. Tangu hapo machicha ya Jumamosi yalitufikisha hadi Jumatano.

Nilitaka jambo moja tu duniani, binti yangu asome, asije akachuma pareto. Alipofikia umri wa shule nilimshonea gauni. Jumatatu ya kwanza nilimpa bakuli lake asubuhi, asiende na njaa, nikamsindikiza mpaka shuleni.

Kabla ya saa sita mwalimu alimleta amembeba mgongoni.

"Mama, huyu mtoto amelewa. Ameanguka kwa dawati, wenzake wanamcheka. Nani anampatia pombe? Ni baba?"

"Ni baba yake," nikasema.

Mume wangu, aliyekwisha kupeleka maziwa ya alfajiri, alikuwa amelala palepale kitandani. Alifungua macho akanitazama, hakubisha.

Mwalimu akasema nisimrudishe tena shuleni. Alipoondoka niliubeba mtungi nje nikaupasua kwa jiwe. Mume wangu aliamka, akachukua gunia lake, akavuka kijito. Mimi nilikaa kizingitini nikilia kwa aibu. Binti yangu akatoka na gauni lake jipya, akachuchumaa, akaanza kulamba vigae. Nilimwambia aache. Hakuacha.