Fundi Milango na Gari la Ng'ambo

Waliosema kwamba Fundi Milango alimharibia mkwewe kazi kwa kisirani hawakumjua. Mtu yule hakuwa na kisirani hata chembe. Kosa lake lilikuwa kuipenda kazi yake kiasi cha kudhani na wengine wataipenda.

Kwa miaka ishirini na sita alipachika milango ya magari katika kiwanda kilichokuwa nyuma ya maghala ya saruji. Magari yalifika vipande vipande ndani ya makasha. Humo kiwandani yakachomelewa, yakapakwa rangi, yakatiwa injini, yakatoka nje yakijiendesha. Kila mlango aliokwisha kuupachika aliufunga ukibana ukanda wa karatasi, kisha akauvuta ule ukanda. Ukichomoka kirahisi, alilegeza bawaba akaanza upya, hata kama msimamizi alikuwa akimfokea kwamba magari yamesimama foleni. Akiridhika, alidondoshea bawaba tone la rangi ya manjano, ijulikane kwamba ni kazi yake. Hakuwahi kutoka pale na hata skrubu moja mfukoni. Watoto wake wanne walisoma na kuvaa kwa milango hiyo.

Binti yake mkubwa aliolewa na kijana mtanashati, mwenye ulimi mwepesi. Kijana huyo alipata kazi ya majaribio katika duka la magari, duka la vioo vitupu na sakafu ya kuteleza. Miezi miwili ikapita hajauza hata gari moja. Mwenye duka akamwambia waziwazi kwamba mwezi wa tatu ukiisha hivyo, waagane. Na binti alikuwa na mimba ya pili.

Ndipo mkwe alipofika nyumbani kwa Fundi Milango, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Baba, nimepata mteja. Mwalimu mkuu mstaafu. Gari amelipenda, ila anataka fundi mtu mzima aliangalie kwanza. Maneno yangu hayamtoshi."

"Mimi najua milango tu, mwanangu."

"Inatosha, baba. Wewe sema gari ni zima. Mengine niachie mimi."

Kesho yake Fundi Milango alivaa shati lake la kutokea, akaenda. Aliufungua mlango wa gari mara moja tu, akaliona tone la manjano kwenye bawaba. Moyo ukamchangamka, lakini akanyamaza kama alivyoombwa.

Mwalimu mkuu alikuwa mama mrefu, miwani imening'inia kifuani, karatasi ya bei mkononi. "Kijana, usinizungushe," alisema. "Hili limetengenezwa wapi?"

"Ng'ambo, mama. Limeshuka melini likiwa zima."

Fundi Milango akatazama sakafu.

Mama akafungua mlango, akaufunga. Ukaitika kwa sauti moja, nzito. "Umesikia? Hao ndio watu wanaojua kazi. Wa kwetu ungelia kama sufuria tupu." Akamgeukia mzee. "Au nasema uongo, baba?"

Hapo ndipo alipopaswa kuuma ulimi. Aliyaona macho ya mkwewe yakimsihi, na alijua fika kwamba kazi ya kijana ilikuwa inaning'inia. Lakini katika miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuusifu mlango wake mbele yake. Wasimamizi husifu idadi.

"Mwalimu," alisema, "mlango huo nimeupachika mimi."

Mama akaangua kicheko. "Mzee una utani wewe!"

"Si utani. Kiwandani kwetu, nyuma ya maghala ya saruji. Hebu nipe hiyo karatasi uliyoshika." Akaibana mlangoni. "Vuta. Unaona? Haitoki. Injini imetoka nchi moja, nyaya nchi nyingine, viti vimeshonwa mtaa wa pili tu hapo. Ukiniuliza gari zima ni la wapi, sijui nikujibu nini. Ila mlango ni wangu."

Akasubiri mama afurahi. Alisubiri hata kupewa mkono.

Mama alivaa miwani. Akaufungua mlango uleule, akaufunga. "Mbona kama unagonga kidogo?" Akapitisha kidole juu ya boneti. "Na hii rangi ina vipele."

Hapakuwa na kipele hata kimoja.

"Mama, ni gari lilelile la dakika tano zilizopita," mkwe alisema.

"Sijasema baya. Lakini nimefundisha watoto wa nchi hii miaka thelathini. Nawajua." Akafunga mkoba wake. "Nitafikiria."

Hakurudi. Wiki iliyofuata Fundi Milango alimwona barabarani akiendesha gari la aina ileile, rangi ileile, kutoka kiwanda kilekile. Alikuwa amelinunua duka la jirani, ambako hapakuwa na mtu wa kumwambia lolote.

Mwezi ulipoisha mkwe aliachishwa kazi. Hakutoa neno baya. Mtu hamtolei maneno baba wa mkewe. Aliyesema ni binti.

"Baba, ungenyamaza tu."

"Nilidhani atafurahi, mama."

"Afurahi? Nani alikwambia wanunuzi wanataka kumjua aliyetengeneza?"

Mtoto alizaliwa baba yake akiwa hana kazi. Baadaye mkwe alipopata duka jingine, alikuja kumwamkia mzee kwa mikono miwili, akasema kwa adabu zote, "Baba, nyumbani kwangu karibu saa yoyote. Kazini kwangu, nakuomba, usije."

"Nimekusikia, mwanangu."

Akatimiza. Aliendelea kupachika milango mpaka kiwanda kilipofungwa kwa kukosa wanunuzi, akarudi nyumbani na sanduku lake la vifaa. Siku moja jirani alimpa lifti, njia nzima akijisifia gari lake jipya.

"La ng'ambo hili, mzee. Siyo yale ya kwetu ya kubandikabandika. Unaonaje?"

Fundi Milango alikuwa amekwisha kuiona bawaba wakati wa kupanda.

"Zuri," alisema. Walipofika akashuka, akaufunga mlango polepole.