Maji ya Juu na Maji ya Chini

Joab Ogada alihamia Siongiroi baada ya kustaafu kazi ya ufundi kwenye kiwanda cha majani chai, upande wa Kapkatet. Kule mvua haikatiki. Huku Siongiroi, katika Chepalungu, kiangazi hakina huruma. Kamati ya kisima ilipomwomba asimamie pampu, alikubali kabla hawajamaliza kuomba. Wenyeji Wakipsigis wakamzoea wakamwita Mzee wa Maji, naye, Mjaluo wa kando ya ziwa, akajiona amepata kwao.

Kisha mvua za masika zikakosekana. Ng'ombe wa mnada walifika kutoka Mulot ndimi nje.

"Mzee, usizime pampu," Kipkorir, mwenyekiti wa kamati, alimwambia. "Ng'ombe hawana subira."

Joab hakuwa na moyo wa kumfungia bomba mwenye kiu. Pampu ikanguruma usiku na mchana, wiki baada ya wiki.

Asubuhi moja Rebeccah, mwenye hoteli jirani, alimletea chai. Joab akapiga funda moja, akamtazama.

"Mama, leo umetia chumvi badala ya sukari?"

"Nilidhani wewe ndiye utanieleza," Rebeccah akajibu. "Ni maji."

Kabla ya mwezi kwisha, maharagwe yalikataa kuiva na ndama walinusa maji wakageuka. Sokoni mtu mmoja akasema, Joab akisikia, kwamba huyo mgeni ametia kitu kisimani. Joab akarudi kisimani. Aliifungua pampu yote, akasafisha kila kipande, akairudisha. Maji yakatoka yale yale.

Rebeccah ndiye aliyemwendea Kipkorir na kumkazania. "Kuliko kuchoma mtu kwa maneno, si mumwite mtaalamu?"

Akaletwa mtaalamu wa maji, binti aliyeitwa Nelvine. Aliteremsha kipimo kisimani, akauliza pampu hufanya kazi saa ngapi, akatikisa kichwa.

"Chini yetu kuna maji ya aina mbili," alieleza. "Ya juu ni matamu. Chini yake kuna udongo mzito wa mfinyanzi, halafu maji ya chumvi, ya tangu zamani. Maji matamu yakiwa mengi, yanayakandamiza yale ya chumvi yasipande. Mkivuta kupita kiasi, nguvu hiyo inapungua, ya chini yanapenya kwenye nyufa za udongo na kupanda."

"Kumbe ni mimi," Joab akasema polepole.

"Ni pampu, mzee. Na kiu ya watu wengi."

"Pampu haijiwashi, binti yangu."

Nelvine alishauri wavute maji kidogo kidogo, saa chache za asubuhi, kisha kisima kipumzike. Kwenye mkutano wa wanakijiji Kipkorir aliruka. "Ng'ombe zetu zife?"

Joab akasimama. "Ng'ombe atatembea hadi mtoni. Mtoto aliye mgongoni atatembea wapi? Mniache nizime. Mkinilaumu, mnilaumu kwa hilo, lakini si kwa sumu."

Yule aliyemsingizia sokoni akainama, akasema, "Mzee, tupangie saa. Tutafuata."

Wakachimba bwawa la mifugo, Kipkorir akiwa wa kwanza kushika jembe. Mvua zilirudi, bwawa likajaa. Kisima kilichelewa kupona, kama Nelvine alivyowaonya kwamba chumvi hupanda haraka na kuondoka kwa kusitasita. Misimu ya mvua ilipita kabla maji hayajanyweka vizuri, na hata sasa, kiangazi kikikaza, ulimi hushtuka kidogo.

Joab yuko pale pale. Saa ikifika huzima, hata kama kuna mwanamke aliyechelewa ambaye mtungi wake haujajaa. Humsalimia, humpa pole, humwomba arudi kesho. Hajazoea. Mwanamke akishaondoka, yeye hubaki ameshika swichi, akisikiliza, mpaka bomba linyamaze kabisa.