Mzawa wa Mwinshehe Alivyopanda Kalinzi

Mwinshehe wa Kasingirima alikuwa na pikapu ambayo watu waliisikia kabla ya kuiona. Dugu-dugu-dugu, polepole, kama mtu anayetwanga bila haraka. Bodi lilikuwa la gari kuukuu alilolikuta limetupwa nyuma ya stesheni, lakini injini ilitoka kwenye boti ya marehemu mkwewe, mvuvi wa Katonga. Boti ilioza, injini ikabaki. Mwinshehe akaibeba, akaikarabati mwenyewe hapo Ujiji miezi mingi, akaipa jina Mzawa.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa kila kitu kilipimwa kwa neno kujitegemea, hata injini za dizeli. Na mahali pa kuzipimia palikuwa mgahawa wa Mwanaima, karibu na soko la Ujiji. Hapo wenye pikapu waliegesha, wakanywa chai ya tangawizi, wakabishana mpaka maandazi yakaisha.

Mbishi mkubwa kupita wote alikuwa Leodgar, mtu wa Songea aliyekuja Kigoma kwa kazi ya bandari. Pikapu yake ilikuwa mpya, ilitoka ng'ambo nzima nzima, ikateremshwa kwenye behewa watu wakiangalia. Ukigeuza ufunguo inawaka. Basi hapo ndipo ugomvi ulipoanzia, maana Mzawa hakuwa na stata. Aliwashwa kwa hendeli, na siku akinuna, kwa kusukumwa.

"Hiyo ndiyo injini ya nyumbani?" Leodgar aliuliza asubuhi moja. "Bomba la mafuta umeletewa kutoka Bujumbura, pistoni zimevuka kutoka Kongo, na chuma chenyewe kimeandikwa Kizungu. Unyumbani wake uko wapi, Bwana Mwinshehe?"

"Na babu yangu alivuka kutoka Kongo," Mwinshehe akajibu huku anapuliza chai. "Akajenga Ujiji, akaoa Ujiji, akazikwa Ujiji. Mimi ni mgeni?"

Watu wakacheka, kwa sababu nusu ya waliokaa pale babu zao walivuka ziwa hilo hilo.

"Wewe angalau unatembea mwenyewe," Leodgar akasema. "Mzawa kujitegemea kwake kuko wapi, kila asubuhi anasukumwa?"

Hapo walicheka zaidi. Mwanaima akamwongezea Mwinshehe chai bila kuombwa.

Utani ulikuwa mzuri, lakini nyumbani mambo hayakuwa ya utani. Wadogo zake Mwamvua, mkewe, walikuwa wanatengeneza boti mpya huko Katonga na walitaka injini ya baba yao irudi majini. Walikuwa wamempa shemeji yao muda: akipata kazi ya maana, abaki nayo, ikiwa ni ya kuzunguka nayo mjini tu, waje waing'oe giza la mwezi likianza, wakati wa dagaa.

Kazi ya maana ilikuwa moja. Wakulima wa Kalinzi, kule juu milimani, walitafuta pikapu ya kuteremsha kahawa yao hadi stesheni msimu mzima. Waombaji walikuwa wawili, Mwinshehe na Leodgar, na wote waliitwa Jumamosi wapande, magari yaonekane.

"Sikiliza, baba watoto," Mwamvua alimwambia akimfungia mihogo ya njiani. "Ukifika kule usiizime. Pale kwenye ghala la kahawa ni tambarare. Ukiizima haitawaka mbele za watu, na kazi imekwenda. Hata akija mkuu wa mkoa, usiizime."

"Siizimi," Mwinshehe akasema.

Leodgar alifika kwanza, vumbi likimfuata. Wazee walikuwa wamekaa mbele ya ghala, Mzee Kalisti mwenyekiti katikati, pembeni yake Mama Verediana aliyesimamia upimaji wa kahawa. Walipomwona wakaanza kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, kama Waha wanavyofanya wakisalimia. Leodgar hakujua. Aliona makofi, akadhani gari limependeza. Akatoa mkono dirishani, akapunga, akakanyaga mafuta injini ivume vizuri zaidi. Wazee wakaendelea kupiga makofi wakingoja salamu. Naye akaendelea kukanyaga mafuta.

"Huyu anasalimia kwa mguu," Mama Verediana akasema.

Ndipo ikasikika dugu-dugu-dugu, na Mzawa akatokeza, moshi mweusi nyuma. Makofi yakaanza tena. Mama yake Mwinshehe alikuwa Muha wa milima hiyo hiyo. Alimlea akijua kwamba salamu haisemwi juu ya kelele, na haisemwi umekaa. Mwinshehe akatazama wazee. Akatazama uwanja, tambarare kama meza. Akamkumbuka Mwamvua.

Akaizima.

Leodgar naye akazima yake, hata kuku wakasikika. Akashuka, akainama, akapiga makofi. "Mwakeye," akamwambia Mzee Kalisti, akauliza watoto, ng'ombe, mvua. Akaenda kwa wa pili, vivyo hivyo, mpaka wa mwisho. Leodgar alikuwa bado ndani ya gari lake, mkono dirishani, sasa hajui auweke wapi.

"Haya, mwanangu," Mzee Kalisti akasema. "Iwashe tuisikie."

Mwinshehe akachukua hendeli. Akazungusha mpaka shati likalowa. Mzawa alikohoa mara moja, akanyamaza.

Leodgar akapata uhai. "Mnaona? Hiyo inahitaji wasukumaji!"

"Yako ikizima hapa, tutaifanyaje?" Mzee Kalisti akamuuliza.

"Haizimi, Mzee."

"Nimeuliza ikizima."

"Ikiharibika? Tutaagiza kifaa."

"Kutoka wapi?"

Leodgar akashusha sauti. "Ng'ambo."

"Na kahawa yetu ingoje meli?"

Mama Verediana alikuwa ameshajifunga khanga kiunoni na kuweka mabega nyuma ya Mzawa. "Njooni jamani! Ya Leodgar ndiyo ya kujitegemea, haitaki mtu. Hii ni ya Ujamaa!"

Wakaisukuma, wazee kwa akina mama, wakicheka, mpaka ukingo wa mteremko. Mzawa akateremka kidogo, akashtuka, dugu-dugu-dugu. Makofi yakapigwa, na safari hii yalikuwa ya kushangilia kweli.

"Ugonjwa wa hii tumeuona, na dawa tunayo," Mzee Kalisti akasema. "Kahawa itapanda hii."

Leodgar hakununa. Aliteremka garini, akamwomba Mwinshehe amwonyeshe viganja vinavyokunjwa, na akasalimia wote, akianza na Mama Verediana.

Jioni Mwamvua alisikia mlio wa Mzawa kutoka mbali, akatoka mlangoni.

"Uliizima?"

"Niliizima."

"Mwinshehe! Nilikwambia nini?"

"Walikuwa wanapiga makofi, Mwamvua."

Mama mkwe alikuwa amemfundisha Mwamvua naye salamu hiyo. "Basi usingeweza," akasema. "Na kazi?"

"Jumatatu napakia."

Giza la mwezi lilipoanza, wadogo zake walikuja na spana na kamba. Walimkuta dada yao anachambua mchele kibarazani.

"Injini ya baba iko wapi, dada?"

"Imepanda Kalinzi," Mwamvua akasema. "Kaeni mpate chakula. Mkitaka kuiona ingojeni, ila kesho asubuhi mtaisukuma."